Mzee yuko ODM, vijana wametoka: nyumba itafikaje Agosti 2027 bila kuvunjika?

UpepoWaZiwa

Wadau, naomba majibu ya vitendo. Mahubiri ya "siasa isitutenganishe" tumeshayasikia ya kutosha.

Hali hii iko katika maboma mengi ya Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, huku Nyanza, Kenya. Mzee ni ODM, chama cha Raila Odinga, tangu kura ya maoni ya 2005 na alama yake ya chungwa. Raila amefariki Oktoba 2025, lakini mzee hajasogea: chama kimo ndani ya serikali jumuishi ya Rais Ruto, kwa hiyo 2027 kura iende chama kitakakoelekeza. Vijana wa miaka 19 hadi 30 wanasema chama kiliwaacha barabarani katika maandamano ya Juni 2024, na kwao basi, imetosha. Mama yuko katikati, leo anamtuliza huyu, kesho yule. Dani, yaani bibi yetu, amepita miaka 80, hasomi, na kila upande unamhesabu kuwa wake.

Maswali:

1. Vijana wawili walijiandikisha Nairobi na mzee anataka walete kura nyumbani. Wa tatu yuko nyumbani na anataka kuhamia Nairobi. Utaratibu ni upi na mwisho wake lini?
2. Mmoja amekuta jina lake katika orodha ya chama ambacho hajawahi kujiunga nacho. Anajitoaje? Na je, ajitoe?
3. Nani amsaidie Dani kupiga kura?
4. Kundi la WhatsApp la ukoo limegeuka uwanja wa vita. Linatulizwaje?
5. Kuna namna ya kuongea na mzee akasikia?

---

KaraniWaDaftari

Naanza na la 1 kwa sababu lina tarehe.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, yaani Agosti 10, 2027. Anayehamisha kura kwenda eneobunge lingine anatakiwa na Sheria ya Uchaguzi aiarifu IEBC, tume ya uchaguzi, siku zisizopungua 90 kabla. Ukihesabu kurudi nyuma unatua Mei 12, 2027. Hiyo msiifanye tarehe ya kufunga safari. Usajili endelevu ulirejelewa Septemba 29, 2025 katika ofisi za maeneobunge, na siku ya kawaida katikati ya mwaka shughuli yenyewe ni fupi. Inayochosha ni foleni ya wiki za mwisho.

Anayehama huenda mwenyewe katika ofisi ya IEBC ya eneobunge anakotaka kupigia kura, akiwa na kitambulisho halisi au pasipoti halali. Hatumi mtu wala nakala. Kwa hiyo huyo wa nyumbani anayetaka kuhamia Nairobi asipoteze siku akipanga foleni Bondo, na hao wawili wa Nairobi wakikubali ya mzee watalazimika kusafiri. Afisa atathibitisha alama za vidole, kisha mtaje kituo kwa jina lake kamili. Shule mbili zenye majina yanayofanana katika wadi moja zimepeleka watu wengi pasipo pao.

Mambo yanayoharibika mara kwa mara:

Mtu anajiandikisha upya badala ya kuomba uhamisho. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na mashine hulinganisha alama za vidole. Sema wazi unapofika dirishani: "Nimeshajiandikisha, nahamisha."

Mtu anafika na karatasi ya kusubiri kitambulisho. Haikubaliki, hata uombe vipi.

Mtu alijiandikisha kwa pasipoti, siku ya kura anabeba kitambulisho. Hati uliyojiandikishia ndiyo unayokuja nayo.

Mtu amehama lakini hakukagua. Kabla ya uchaguzi mkuu IEBC hufungua daftari ili wananchi wathibitishe taarifa zao. Nenda uangalie jina lako liko kituo gani. Ukigundua kosa asubuhi ya Agosti 10, hakuna wa kukusaidia.

Kuna la tano ambalo ni la nyumbani zaidi. Kama kuna mdogo aliyezaliwa mwishoni mwa 2008 au mwanzoni mwa 2009, yeye anaanza na kitambulisho, na maombi ya kitambulisho yanahitaji cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Hapo mzazi mwenye hasira anaweza kumchelewesha mtoto bila hata kupaza sauti, eti nakala haionekani. Mama atoe nakala mapema, kabla siasa haijachemka.

Sasa, kabla ya yeyote kupanda basi, mzee aulizwe swali moja: unataka kura zije nyumbani kwa ajili ya kiti gani? Kura ya urais huhesabiwa kitaifa. Ikipigwa Embakasi au Alego Usonga, uzito wake ni ule ule katika jumla. Tofauti pekee ni ile asilimia 25 ambayo mshindi anahitaji katika kaunti zisizopungua 24, na kijana mmoja hasogezi hiyo. Kinachobadilika kwa kuhama ni karatasi tano nyingine: gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi (MCA). Kwa hizo, kigezo ni nani barabara yake mbovu unaipita kila siku na zahanati yake unaitegemea. Kijana anayepanga nyumba Pipeline, Nairobi, na kurudi kwao Desemba tu hana sababu kubwa ya kumchagulia baba yake MCA. Mkiliweka hivyo, mabishano ya urais yanatoka katika suala la uhamisho na mnabaki na la kawaida linalozungumzika.

---

ShajaraYaNyanza

Nitajibu la 5, nalo ni refu.

Vijana wanakosea wanapodhani mzee anashikilia chama. Tazameni njia aliyopita. Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais 1966 na kuunda chama cha KPU. KPU ikapigwa marufuku 1969. Ikaja FORD 1991, FORD-Kenya 1992, kisha Raila akagombea kwa NDP 1997. Machi 2002 NDP ikamezwa na KANU, ile KANU yenyewe, chama tawala. Kabla mwaka haujaisha watu walikuwa LDP, ndani ya NARC, wakimpigia Kibaki. 2005 chungwa, kisha ODM, na juu ya ODM wakavaa miungano ya CORD, NASA na Azimio. Mzee wa miaka 75 amehama vyama zaidi ya wajukuu wake wote wakijumlishwa. Alichoshikilia ni mtu aliyekuwa akisema sasa twende huku, na kwamba watu wakienda, waende pamoja.

Mtu huyo, Raila, hayupo tangu Oktoba 15, 2025. Mzee anafuata agizo la mwisho alilolisikia, makubaliano ya Machi 7, 2025 yaliyotiwa saini ukumbi wa KICC, Nairobi, kati ya Raila na Ruto. Kumwambia "hama kama sisi" ni kumwambia aache agizo la marehemu kwa sababu ya jambo aliloona mtoto kwenye simu. Atakataa, na atakataa kwa hasira.

Pili, deni. Kila kizazi kina daftari lake la deni. La mzee lina kuuawa kwa Tom Mboya, Julai 5, 1969. Lina Kisumu, Oktoba 25 mwaka huo huo, Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ambayo hadi leo watu wanaiita Russia, na polisi wakafyatulia umati risasi. Lina kuuawa kwa Robert Ouko 1990. Lina vurugu za uchaguzi za 2007 na 2017. Anaposikia kwamba John Mbadi yuko Wizara ya Fedha na Opiyo Wandayi yuko Kawi, hasikii usaliti. Anasikia kwamba baada ya miaka yote hiyo watu wake wamefika meza inapogawiwa bajeti. Kijana akimwambia "mmenunuliwa kwa viti vinne", anamtukana pamoja na wote aliowazika.

Daftari la kijana linaanzia Juni 2024. Tume ya haki za binadamu ya KNCHR ilihesabu watu 60 waliouawa katika maandamano yale, na wengine wakatekwa nyara. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay na kufa mikononi mwa polisi Nairobi. Huyo hakutoka vitongoji vya Nairobi kama Githurai wala Rongai, alichukuliwa kwao nyumbani. Mzee akisema "hao ni watoto wa TikTok", naye anatukana kaburi. Kwa maoni yangu ugomvi mwingi wa sasa ni huu: kila upande unasoma daftari lake kwa sauti na hakuna anayesikiliza la mwenzake.

Kwa vitendo:

Msianze mbele ya wageni, na kamwe si matangani. Mwana hampingi mzee mbele ya watu wa boma lingine. Akifanya hivyo mada inakuwa adabu, na hapo kijana ameshashindwa kabla ya kufika kwenye hoja. Aende mmoja, si wote watatu. Kama baba na mwana hawakai pamoja, pitieni kwa ndugu ya baba au rika lake mmoja anayeheshimika.

Anzeni kwa kuuliza. "Mzee, 2002 ilikuwaje mkaingia KANU na kutoka mwaka ule ule?" Ni swali la kweli, na jibu lake litawafundisha. Mkimwacha aeleze, atafika mwenyewe mahali pa kusema kwamba kuhama si dhambi, kuna kuhama kwa sababu na kuhama kwa njaa. Msimkate hapo kwa kusema "ona sasa!" Mtaharibu.

Kisha leteni makubaliano yenyewe. Yale ya Machi 2025 yana vipengele kumi, na ndani yake mna fidia kwa waathiriwa wa maandamano, haki ya kukusanyika kwa amani, kupambana na ufisadi na kulinda ugatuzi. Badala ya kubishana kama Raila alikosea, ulizeni lipi limetekelezwa na lipi halijatekelezwa. Mzee anayemheshimu Raila ana kila sababu ya kudai sahihi yake iheshimiwe. Kijana naye anapata kuzungumzia waliouawa bila kumshambulia marehemu. Mnakuwa upande mmoja wa karatasi hata kama hamko upande mmoja wa debe. Na hata ndani ya chama kauli si moja: Orengo ambaye ni gavana wa Siaya, na seneta Sifuna na mbunge Babu Owino kule Nairobi, wameikosoa serikali jumuishi waziwazi wakiwa wamechaguliwa kwa tiketi ya ODM. Mzee akisema anayepinga si mwenzetu, mtajieni hao, kwa upole.

Halafu ombeni jambo moja tu. Msiombe akubali mgombea wenu. Ombeni asimlazimishe mtu kutangaza kura yake ndani ya nyumba. Hilo anaweza kulitoa bila kujivunjia heshima.

Jambo ambalo vijana wa mjini hulisahau: mzee ana hofu ya kweli ya vitu vidogo. Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Kuna basari za wajukuu, na fomu zinapita kwa chifu na kwa ofisi ya mbunge au ya wadi. Anahofia kijana akiandika vibaya Facebook kwa jina la ukoo, jina hilo litakumbukwa fomu ikifika. Kukatwa kwa sababu hiyo si halali, lakini hofu haisomi sheria. Punguzeni: akaunti ya siasa isiwe na jina la boma, picha ya lango wala ya mzee.

---

MlimaUpandeHuu

Nyongeza fupi kutoka Mlimani, eneo la Mlima Kenya, ili mjue nyufa hazifanani kila mahali.

Sisi tulipasuka mapema. 2022 Uhuru alisema Raila, watu wakampa Ruto na Gachagua. Kwa hiyo "kufuata kiongozi" kulivunjika hata kabla ya Gen Z. Seneti ilipomwondoa Gachagua katika unaibu rais Oktoba 2024 na yeye akazindua chama chake cha DCP Mei 2025, nyumba nyingi zilionekana kuungana: baba na mwana wote "wantam", yaani Ruto muhula mmoja tu. Usidanganyike. Mzee ana hasira kwa sababu mtu wa Mlima aliondolewa. Kijana ana hasira kwa sababu ya ushuru na mauaji, na wengi wao hawamtaki Gachagua vilevile, wanakumbuka kauli yake kwamba serikali ni kama kampuni na waliopiga kura ndio wenye hisa. Hasira moja, majina mawili debeni. Nyumba kama hizo hugombana wiki mbili kabla ya kura, wakati hakuna tena muda wa kuongea. Zenu angalau zinagombana mapema.

---

MchujoKwanza

La 2, na hapa nataka kuwazuia vijana kidogo.

Kukagua: ingia eCitizen, tafuta huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, angalia hali ya uanachama wako. Tatizo la kusajiliwa bila idhini si geni; Juni 2021 Wakenya wengi walijikuta katika vyama wasivyovijua. Kama ni chama usichokijua, jitoe pale pale. Sheria ya Vyama vya Kisiasa hairuhusu uanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo jina hilo la kigeni linaweza kukuzuia kujiunga na chama unachokitaka. Kujitoa hufanywa kwa notisi ya maandishi kwa chama, na kunaanza kutumika chama kikiipokea. Chama au wewe mwenyewe mnamjulisha Msajili ndani ya siku saba. Hifadhi uthibitisho, kisha rudi baadaye ukague kama jina limeondoka kweli. Wengi hawarudi, wanakuja kushtuka msimu wa mchujo, chama kinapoteua wagombea wake.

Lakini ikiwa jina liko ODM na unaishi Siaya au Homa Bay, fikiri kabla ya kubofya. Mchujo wa moja kwa moja hutumia orodha ya wanachama iliyoidhinishwa na Msajili. Katika wadi nyingi za huko, atakayepata tiketi ndiye MCA, Agosti ni kuhitimisha tu. Kijana anayejitoa kwa hasira ya urais anajinyima sauti katika viti ambavyo angeweza kuvigeuza, na kumwachia mzee na rika lake wachague peke yao. Uanachama haukufungi kwenye karatasi ya urais. Kaa, piga kura ya mchujo, Agosti fanya unavyotaka.

Anayetaka kugombea mwenyewe ni habari nyingine. Mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Huyo ajitoe mapema na awe na barua mkononi.

Na msiseme haiwezekani kumpinga mgombea wa chama huko. Ugenya walimchagua David Ochieng wa chama cha MDG katika uchaguzi mdogo wa Aprili 2019, wakamrudisha 2022, huku eneo hilo hilo likimpigia Raila urais. Watu wale wale, karatasi mbili tofauti. Huo ndio mfano wa kumpa mzee anayetaka suti nzima, yaani chama kimoja karatasi zote sita.

---

UpepoWaZiwa

Asanteni, hilo la karatasi sita limeanza kuzungumzika. Limezuka jingine: kuna mjomba anasema siku ya kura atakusanya vitambulisho vya vijana wote wa boma "avitunze", na kila mmoja alete picha ya karatasi aliyotia alama ndipo apewe nauli ya kurudi Nairobi. Na Dani bado.

---

KaraniWaDaftari

Mjomba aambiwe mapema na mtu wa rika lake, kwa sababu hapo ametoka kwenye siasa ameingia kwenye makosa ya jinai. Katiba inataka kura iwe ya siri. Kumzuia mtu kupiga kura, kumshurutisha, au kumpa fedha ili apige kwa namna fulani ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Nauli kwa sharti la picha ni hongo, hata ikiitwa nauli. Kwa vijana: kitambulisho kikae mfukoni mwako kuanzia unapoondoka Nairobi, na nauli ya kurudi uwe nayo kabla hujaja. Mtu mwenye nauli yake hapangiwi kura.

Kuhusu Dani, hili halifikiriwi hadi asubuhi yenyewe, na ndipo watu wanapofarakana.

Mpigakura asiyeweza kusoma, au mwenye ulemavu unaomzuia kutia alama mwenyewe, anaruhusiwa msaidizi anayemchagua yeye. Neno ni yeye. Si mzee amchagulie, si wajukuu wapige kura ya nani aende. Msaidizi awe ametimiza miaka 18, asiwe mgombea wala ajenti wa mgombea. Hahitaji kuwa mpigakura wa kituo hicho. Kabla ya kusaidia anajaza Fomu 32, tamko la kutunza siri na kutia alama kama alivyoambiwa. Anaruhusiwa kusaidia mtu mmoja tu katika uchaguzi huo. Kwa hiyo kama boma lina Dani wawili, tafuteni wasaidizi wawili. Mjukuu mmoja hawezi kuwapeleka wote, na maajenti hukagua hilo.

Akienda bila msaidizi, afisa msimamizi wa kituo ndiye atamsaidia, mbele ya maajenti. Maana yake Dani atataja chaguo lake kwa sauti mara sita, na mmoja wa wanaosikia ni kijana wa jirani aliyevaa beji ya chama. Jioni kijiji kizima kinajua. Ndiyo maana msaidizi ni muhimu.

Nani basi? Mtu ambaye Dani anamwamini na ambaye pande zote mbili zinajua hawezi kusema. Mara nyingi si yule mjukuu mwerevu kuliko wote. Anaweza kuwa mke wa mtoto wake, au jirani wa kanisani. Fanyeni mazoezi nyumbani bila majina ya wagombea: karatasi sita, Dani aeleze atakavyomtambua mtu wake, kwa picha, kwa alama ya chama au kwa nafasi. Jina, picha na alama viko kwenye karatasi. Tatizo la kawaida ni Dani kusema "nipe yule wa chungwa" karatasi zote sita kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba viti ni sita. Kama hilo ndilo analolitaka, ni haki yake. Kama hakuelezwa, hiyo kura mmemwibia, hata kama imeangukia upande wenu.

---

AdminiWaUkoo

La 4.

Tenganisheni kundi. Kundi la ukoo libaki la matanga, michango, harusi na wagonjwa. Fungueni la pili la siasa, la kujiunga kwa hiari. Asiingizwe mtu bila kuulizwa. Wazee wengi hawatajiunga na watapumzika.

Kundi kuu liwe na admini watatu: mmoja wa kila upande na mmoja ambaye hana haja na wote, shangazi kwa mfano. Admini anaweza kumfutia mtu ujumbe kwa kila mtu, lakini akubaliane na mwenzake kwanza, la sivyo kufuta kwenyewe kunakuwa habari. Mweka hazina wa michango asiwe mmoja wa hao. Ukoo ukianza kuzuia mchango wa matanga ya mtu kwa sababu ya alichoandika, kurudi ni kazi ya miaka.

Kanuni moja inatosha: ujumbe wenye mishale miwili ya "umesambazwa mara nyingi" hauruhusiwi. WhatsApp yenyewe inaubana ujumbe wa namna hiyo, hausambazwi zaidi ya gumzo moja kwa mara moja. Sauti zilizorekodiwa na mtu asiyejulikana, hasa zile za Kidholuo zinazoanza na "sikieni ninyi wa nyumbani", ziangukie kanuni hiyo hiyo. Ndizo zinazowachoma wazee zaidi kwa sababu zinaongea kama jirani, na hakuna wa kuulizwa.

Usiku wa matokeo fungeni. Fungua kundi, bonyeza jina lake juu, nenda kwenye ruhusa za kikundi, ondoa ruhusa ya wanachama kutuma ujumbe. Fanyeni hivyo vituo vikifungwa saa kumi na moja jioni. Hesabu ya urais inaweza kuchukua hadi siku saba. 2022 kura ilikuwa Agosti 9 na tangazo Agosti 15, na katikati vituo vya televisheni vilikuwa vinaonyesha jumla zisizolingana kwa sababu kila kimoja kilianza na fomu tofauti. Nyumba nyingi ziligombana kwa namba ambazo hazikuwa za mwisho.

---

UpepoWaZiwa

Na mtu akitaka kweli kujua matokeo ya kituo chao, bila televisheni?

---

KaraniWaDaftari

Fomu 34A. Kila kituo kina yake kwa urais, na hubandikwa mlangoni kura zikishahesabiwa. Kituo hakizidi wapigakura 700, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na milango kadhaa yenye fomu tofauti. Msichukue mmoja mkadhani ni shule nzima. Pigeni picha fomu yote, pamoja na jina la kituo, sahihi za maajenti na muhuri, si safu ya namba peke yake. Kisha linganisheni na nakala iliyopandishwa kwenye tovuti ya IEBC, kama walivyofanya 2022. Zikitofautiana, picha iende kwa ajenti wa chama chenu usiku huo huo, pamoja na saa iliyopigwa. MCA ana fomu yake, 36A, kwa hiyo mkitaka ya wadi angalieni karatasi ya pembeni mlango ule ule.